Kununua au kuuza nyumba Uingereza: namna ya kumpata ejenti na solisita wa kueleweka

Maswali ni yale yale kila siku. Nimwite ejenti gani aniuzie nyumba, solisita (wakili wa mambo ya nyumba) anapatikana wapi, huyu aliyeletwa na ejenti nimchukue au nimwache, mbona huyu anataka pauni 800 na yule pauni 1,900 na kazi ni ile ile. Nimeona bora niandike yote sehemu moja, mtu akiuliza umpe asome mwenyewe kwa utulivu, maana mambo haya ukiyaelezea kwenye simu nusu yanasahaulika.

Hii ni kwa England na Wales tu. Scotland wana utaratibu wao, kule hata ofa yenyewe inapelekwa na wakili, kwa hiyo kama unanunua Glasgow tafuta maelezo ya huko.

Kabla hatujaingia kwenye hatua, kuna swali moja la kujiuliza kwa kila mtu utakayekutana naye kwenye safari hii: anamfanyia nani kazi, na analipwa lini? Ejenti anafanya kazi ya muuzaji, na komisheni yake inatoka nyumba ikiuzika. Ukiwa mnunuzi hayuko upande wako hata awe mchangamfu vipi. Broka wa mogeji (mkopo wa nyumba) mara nyingi analipwa na benki mogeji ikitoka. Wakili wewe ndo unamlipa, akulinde wewe. Ndo maana inaniuma nikiona mtu anatumia miezi mitatu kuchagua nyumba halafu wakili anamchagua kwa dakika tano kwa sababu ejenti kamtajia jina.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kama unauza:
- Cheti cha EPC (kinachoonyesha nyumba inatumia nishati kiasi gani) ambacho hakijaisha muda (kinadumu miaka 10). Bila hicho, au angalau uwe umeshakiagiza, ejenti hatakiwi kuitangaza nyumba.
- Karatasi za kazi zilizofanyika ndani ya nyumba: vibali vya kaunsili kama uliongeza chumba, cheti cha boila, cheti cha madirisha kama yalibadilishwa baada ya Aprili 2002 (cha FENSA, mfumo unaosajili mafundi wa madirisha, au kibali cha kaunsili).
- Nakala ya hati kutoka HM Land Registry (ofisi ya serikali ya hati za nyumba na ardhi), ni pauni 7 kwenye tovuti ya serikali. Angalia jina lako limeandikwa sawa na kama kuna deni la zamani limebaki pale halijafutwa.
- Kama ni fleti ya lizi (unaimiliki kwa miaka iliyopangwa tu), mkataba wa lizi wenyewe na bili za sevis chaji (gharama za kutunza jengo) za miaka 3 ya nyuma.

Kama unanunua:
- Barua ya benki ya awali inayosema wako tayari kukukopesha kiasi fulani.
- Paspoti na uthibitisho wa anwani. Majina yafanane! Sisi wengi tuna majina matatu kwenye paspoti, mawili benki, na bili ya umeme imeandikwa jina la mume. Rekebisha mapema, mifumo yao ya kuhakiki inakataa vitu kama hivyo kila siku.
- Statimenti za benki za miezi 6 angalau, za akaunti zote zenye pesa ya dipoziti.
- Akiba pembeni ya dipoziti, kwa ajili ya sachi (maulizo ya wakili kwa kaunsili na wengine kuhusu nyumba), sevei (ukaguzi wa jengo) na kodi ya kununua nyumba (Stamp Duty kwa England). Wakili atataka pesa ya sachi mwanzoni kabisa.

Haya tuanze.

1. Andaa ushahidi wa pesa yako imetoka wapi

Naiweka ya kwanza kwa sababu hapa ndo watu wetu wanakwama kuliko sehemu nyingine yoyote. Sheria za kuzuia utakatishaji pesa zinamlazimisha wakili ajue kila pauni ya dipoziti ilitoka wapi. Hana hiari hapo, na wala sio kwamba anakudharau, asipouliza yeye mwenyewe yuko matatani.

Sasa chukua mfano wa upatu. Mko watu 10, kila mtu anatoa pauni 500 kwa mwezi, zamu yako ikifika unapokea 5,000 kwa mkupuo. Wewe unajua ni pesa yako halali uliyoichanga mwenyewe mwezi kwa mwezi, lakini kwenye statimenti wakili anachoona ni pauni 5,000 zimeingia kutoka kwa mtu asiyemjua, au mbaya zaidi zimeingizwa keshi kaunta. Hapo faili linasimama.

Dawa yake inaanza miezi mingi kabla:
- Michango ya upatu ipite benki, sio keshi, na kila unapotuma andika neno lile lile kwenye maelezo ya malipo, mfano "upatu".
- Kijumbe aandike orodha ya wachezaji, kiasi na zamu, asaini na aweke tarehe. Awe tayari kupigiwa simu au kutoa nakala ya kitambulisho.
- Mwambie wakili mapema kabisa, kabla hujamlipa, "sehemu ya dipoziti yangu ni ya upatu, mnakubali ushahidi gani?" Wengine wanaelewa vizuri kabisa, wengine hawajawahi hata kusikia, na hao wa pili ni bora uwajue kabla hujaanza kuliko wiki ya 9.

Pesa ya ndugu nayo ina karatasi zake. Kaka akikupa pauni 10,000 anatakiwa aandike barua kuwa ni zawadi, hairudishwi, na hana hisa kwenye nyumba, halafu aambatanishe kitambulisho chake na statimenti yake mwenyewe. Kama kweli ni mkopo sema ni mkopo. Kudanganya kwenye ile barua ni kosa la kisheria, na benki ya mogeji inaitegemea. Pesa ya kiwanja ulichouza nyumbani: mkataba wa mauziano, risiti ya benki ya kule, na ushahidi wa pesa ilivyotumwa mpaka ikafika hapa.

2. Jua bei halisi ya mtaa kabla hujamwita mtu

Bei unayoiona kwenye tovuti za nyumba za Rightmove, Zoopla na OnTheMarket ni bei watu wanayoomba. Bei zilizolipwa kweli ziko HM Land Registry, bure, unaandika postikodi zinatoka zote. Tafuta nyumba za mtaa wako zinazofanana na yako zilizouzwa ndani ya mwaka mmoja, andika tano au sita kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndo itakulinda kwenye hatua inayofuata.

3. Ukiuza, ita maejenti watatu

Watatu wanatosha. Kwanza hakikisha kila mmoja ni mwanachama wa The Property Ombudsman au Property Redress, sheria inamlazimisha awe kwenye mfumo mmoja wa malalamiko, na ukitafuta jina la kampuni kwenye tovuti zao unaliona. Pia lazima awe amesajiliwa HMRC (mamlaka ya kodi) kwa mambo ya utakatishaji pesa. Ujue kwamba hapa England mtu hahitaji cheti chochote cha taaluma ili awe ejenti, kwa hiyo ukikuta ni mwanachama wa Propertymark (chama cha maejenti) ni dalili nzuri, hao wamejiwekea masharti yao juu ya yale ya sheria.

Wakija nyumbani kukadiria bei, mtu anayetaja bei kubwa kuliko wote ndo wa kumhoji zaidi. Kuna mchezo wa zamani sana: wenzake wamesema 300,000, yeye anasema 340,000, unafurahi, unasaini, unafungwa naye wiki 16, halafu wiki ya tano anaanza kukupigia "soko limepoa, tushushe bei kidogo". Mwisho unauza 295,000 na nyumba imeshakaa sana kwenye tovuti, wanunuzi wanaanza kujiuliza ina tatizo gani. Mwonyeshe karatasi yako ya hatua ya 2, muulize nyumba gani ya mtaa huu iliyouzwa inathibitisha hiyo 340,000. Kama anayo atakuonyesha.

Maswali mengine ya kumuuliza:
- Nani hasa atawapeleka watu kuangalia nyumba, wewe au kijana wa Jumamosi? Na mwisho wa wiki mnafanya kazi?
- Katika nyumba mlizokubaliwa ofa mwaka huu, mauzo mangapi yalivunjika kabla ya kumalizika na kwa nini?
- Baada ya ofa kukubaliwa, nani anafuatilia mawakili na benki? Kwenye ofisi nzuri kuna mtu kazi yake ni hiyo tu.
- Una maslahi yoyote na mnunuzi? Kisheria, tangu Estate Agents Act ya 1979, lazima aseme kama yeye au mtu wake wa karibu ana maslahi.

Halafu fanya jambo moja dogo ambalo linakuonyesha mengi. Chagua nyumba wanayoitangaza sasa hivi, wapigie kama mnunuzi. Simu inapokelewa? Wanakuuliza una mogeji, una nyumba ya kuuza, unataka lini, au wanakupa tu saa ya kuangalia? Walikuahidi watakupigia, wamepiga? Angalia na picha zao, vyombo vichafu kwenye sinki, kitanda hakijatandikwa, hakuna ramani ya vyumba. Wanavyowafanyia wateja wengine ndivyo watakavyokufanyia na wewe.

4. Soma mkataba wa ejenti neno kwa neno kabla ya kusaini

Hapa pesa nyingi zinapotea kimya kimya. Vitu vya kuangalia:

Komisheni. Kwa ejenti wa kawaida wa mtaani mara nyingi ni kati ya asilimia 1 na 3, na inajadilika, usiogope kuomba. Hakikisha bei uliyotajiwa ina VAT ndani. Nyumba ya pauni 300,000 kwa asilimia 1.5 ni pauni 4,500, ukiweka VAT ya asilimia 20 inakuwa 5,400. Hizo 900 zimewashtua wengi siku ya mwisho.

Aina ya mkataba. Upo ule wa ejenti mmoja ambapo ukipata mnunuzi mwenyewe, mfano jirani yako au binamu, humlipi. Na upo ule wa haki ya pekee ya kuuza ambapo unamlipa hata mnunuzi ukimleta wewe mwenyewe. Kwa Kiingereza yanafanana sana, "sole agency" na "sole selling rights", tofauti ni maneno machache tu na ni maelfu ya pauni. Omba hilo la kwanza. Maejenti wengi kwa pamoja inawezekana pia ila komisheni inapanda.

Muda wa kufungwa. Wiki 16 ni nyingi, omba 8 mpaka 10, na uulize notisi ni ya siku ngapi juu ya hapo.

Kifungu cha mnunuzi "ready, willing and able". Maana yake unaweza kudaiwa komisheni kwa sababu tu ejenti ameleta mtu aliye tayari kununua, hata kama wewe umeghairi kuuza. Omba kifutwe. Komisheni ilipwe nyumba ikishauzika kabisa, basi.

Ada ya kujitoa, picha na tangazo. Kama zipo, zijue leo.

Ukisaini nyumbani kwako au mtandaoni kwa kawaida una siku 14 za kughairi. Ila wengine wanakusainisha karatasi ya kuanza kazi mara moja, na ukighairi ndani ya zile siku 14 wanaweza kudai kazi waliyokwisha kufanya.

Kuhusu maejenti wa mtandaoni wa bei moja: rahisi kweli, ila wengi unawalipa mwanzoni, nyumba iuzike isiuzike. Rudi kwenye lile swali, analipwa lini? Akishalipwa hana haraka tena. Kama wewe una muda, unajua kuongea na watu na utaonyesha nyumba mwenyewe, inafaa. Kama unafanya shifti za usiku hospitali na huwezi kupokea simu mchana, lipa ejenti wa kawaida.

5. Ukinunua, jifunze kuongea na ejenti wa mwenzako

Usimwambie kikomo chako. Akiuliza "unaweza kufika ngapi?" mwambie "nina barua ya benki inayotosha kwa nyumba hii". Kila unachomwambia ana wajibu wa kukitumia kwa faida ya muuzaji, na hakosei akifanya hivyo.

Ofa yako itume kwa imeili hata kama umeshaisema kwenye simu, na uandike kwamba inategemea sevei na mkataba, na nyumba itolewe sokoni ikikubaliwa. Ejenti anatakiwa kumpelekea muuzaji ofa zote haraka na kwa maandishi.

Angalizo kubwa hapa: ejenti akikwambia ofa yako haiendi mpaka uongee na mshauri wao wa mogeji au utumie mawakili wao, jua hilo haliruhusiwi. Kumbagua mnunuzi kwa sababu hakuchukua huduma zao ni kosa chini ya kanuni za 1991 za maejenti. Kuhakiki kwamba una uwezo wa kununua ni sawa, kukulazimisha huduma sio sawa. Jibu kwa upole kwa maandishi: "nina mshauri wangu na wakili wangu, naomba uthibitishe kuwa ofa imefika kwa muuzaji." Mara nyingi inaishia hapo.

6. Chagua wakili kabla ofa haijakubaliwa

Ofa ikishakubaliwa ejenti atataka jina la wakili siku hiyo hiyo, na ukiwa huna atakupa la kwake. Usifike hapo mikono mitupu.

Wako wa aina mbili wanaofanya kazi hii. Solisita, wanaosimamiwa na SRA, na wataalamu wa uhamishaji wa nyumba wenye leseni, wanaosimamiwa na CLC. Wote wanafaa. Kama nyumba yako ina mambo ya talaka, mirathi au ugomvi wa ndugu ndani yake, chukua solisita, maana yule wa leseni kwa kawaida kazi yake imejikita kwenye nyumba. Hakiki jina kwenye rejista ya SRA au CLC mwenyewe, na ile alama ya SRA chini ya tovuti yao ibonyeze, ifunguke na kuonyesha jina lile lile la kampuni. Beji ya CQS, inayotolewa na Law Society (chama cha masolisita) kwa ubora wa kazi za nyumba, ni nyongeza nzuri.

Kisha piga simu kampuni tatu, uliza haya:

- Mko kwenye orodha ya mawakili wa benki yangu? Hili ni la kwanza. Wasipokuwepo utalipia wakili wa pili kwa ajili ya benki.
- Nani hasa atashika faili langu, jina lake nani, na ana mafaili mangapi sasa hivi? Akikujibu "timu" bila jina, fikiria tena.
- Naweza kumpigia moja kwa moja au napita kol senta?
- Akienda likizo nani anashika?
- Bei ni ya kudumu au inaongezeka? Mauzo yakivunjika njiani nalipa nini?
- Mnamlipa ejenti chochote kwa kuniletea? Lazima wakwambie. Kuna kampuni zinamlipa ejenti mamia ya pauni kwa kila mteja, na hiyo pesa inatoka kwenye ada yako.

Kuhusu bei. Tangu Desemba 2018 kampuni zilizo chini ya SRA zinalazimika kuweka bei za kazi hii kwenye tovuti zao, lakini ukilinganisha namba ya juu tu utadanganyika. Omba kwotesheni iliyochambuliwa: ada yao na VAT, halafu pembeni gharama za watu wengine kama sachi, Land Registry na kodi. Yule wa 800 mara nyingi ameacha nje ada ya lizi, ada ya mogeji, ada ya barua ya zawadi, ada ya kuhakiki kitambulisho, ada ya kutuma pesa, ada ya kujaza fomu ya kodi. Jumlisha zote, unakuta amefika 1,700 na simu hapokei. Yule wa 1,900 aliandika kila kitu toka mwanzo.

Wanaohitaji umakini zaidi ni wawili. Wa kwanza anayenunua fleti ya lizi, muulize wakili amefanya ngapi na ataangalia nini: miaka iliyobaki (ikiwa chini ya 80 benki nyingi zinaanza kusita na kuongeza kunakuwa ghali), sevis chaji, kodi anayolipwa mwenye ardhi (ground rent), na matengenezo makubwa yanayokuja. Wa pili anayenunua kwa mpango wa Kiislamu usio na riba. Huko benki inanunua pamoja na wewe na unalipia hisa zake taratibu, karatasi ni nyingi na tofauti kabisa, na orodha ya mawakili wanaokubalika ni fupi. Sheria ya kodi ina nafuu maalumu ili usitozwe mara mbili, ila wakili ambaye hajawahi kuifanya anaweza kuikosea. Usiwe wewe wa kumfundishia kazi.

Wakili anayeongea Kiswahili ni raha kweli, hasa kwa mzazi ambaye Kiingereza cha sheria kinamchosha. Lakini mpitishe kwenye maswali yale yale. Undugu hausomi mkataba.

7. Mweleze wakili nyumba zote ulizonazo duniani

Nasisitiza hili maana linagharimu watu maelfu. Nafuu ya kodi ya mnunuzi wa mara ya kwanza ni ya mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba popote duniani. Sio Uingereza tu, popote. Nyumba uliyorithi Tanga, nyumba ya wazazi Mombasa iliyoandikwa jina lako na ndugu zako, zinahesabika. Na mkinunua wawili, wote wawili lazima muwe wa mara ya kwanza.

Upande wa pili, kama utabaki na nyumba zaidi ya moja baada ya kununua, na sehemu yako ya ile nyingine ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, England kuna nyongeza ya asilimia 5 juu ya bei yote, na wanandoa wanahesabiwa pamoja. Tazama nyumba ya pauni 300,000 kwa viwango vya kuanzia Aprili 2025: mnunuzi wa mara ya kwanza halipi kitu, mnunuzi wa kawaida analipa 5,000, mwenye nyumba nyingine analipa 20,000. Nyumba ni ile ile. Nyongeza hiyo haikuhusu kama unauza makazi yako makuu na kununua mengine. Wales wana kodi yao na viwango vyao.

Kwa hiyo mwambie wakili kila kitu, hata kiwanja chenye msingi ulioanza kujengwa, aamue yeye kinahesabika au la, kwa maandishi. Fomu ya kodi inapelekwa HMRC ndani ya siku 14 baada ya kukabidhiwa, na sahihi ni yako hata kama ameijaza yeye.

8. Sevei ni yako, usiichanganye na ya benki

Benki ikimtuma mtu kukadiria ni kwa faida ya benki. Wewe tafuta mkaguzi wa RICS (chama cha wakaguzi wa majengo) mwenyewe, kiwango cha 2 kwa nyumba ya kawaida, cha 3 kwa nyumba ya zamani au iliyobomolewabomolewa ndani. Ripoti mpe wakili pia.

9. Faili likishaanza, usilale

Wakili anasubiri majibu, kaunsili inasubiriwa sachi, ejenti anasukuma kila mtu. Fomu ukiletewa jaza siku hiyo hiyo. Ukiuza, TA6 (fomu ya maelezo ya nyumba) na TA10 (fomu ya vitu vinavyobaki ndani) zijaze kwa ukweli mtupu: ugomvi na jirani, maji kuingia, kila kitu, maana mnunuzi anaweza kukushtaki baadaye kwa ulichoficha. Kila wiki tuma imeili moja fupi kwa wakili: nini kimekuja, nini bado, tunamsubiri nani? Moja tu kwa wiki, ukituma tano kwa siku atatumia muda kukujibu badala ya kufanya kazi.

Ejenti akikupigia kwamba wakili wako anachelewesha, sikiliza kisha muulize wakili. Pengine ni kweli, pengine wakili amekataa kupitisha kitu kibovu na hiyo ndo kazi unayomlipia.

Na usitoe notisi ya nyumba ya kupanga wala kulipia gari la kuhamia mpaka mikataba iwe imebadilishanwa. Kabla ya hapo kila mtu anaweza kujitoa. Baada ya hapo dipoziti, kwa kawaida asilimia 10, iko hatarini ukijitoa wewe.

10. Siku ya kutuma pesa

Wezi wanaingia kwenye imeili za watu, wanakaa kimya wanasoma, siku ya kutuma dipoziti wanakuandikia kama wakili: "akaunti yetu imebadilika, tuma hapa." Jina sawa, nembo sawa, anwani imepungua herufi moja. Siku ya kwanza unapomlipa wakili, chukua namba ya akaunti ana kwa ana au kwa simu uliyoipata kwenye rejista ya SRA au CLC. Siku ya kutuma, piga namba hiyo hiyo, wasomewe namba ya akaunti wathibitishe. Tuma pauni 1 kwanza, piga uulize imefika, ndo utume iliyobaki. Benki ikikuonya kwamba jina halifanani, simama hapo hapo. Imeili yoyote ya kubadilisha akaunti ichukulie ni ya mwizi mpaka wakili mwenyewe akuthibitishie kwa sauti kwamba ni yake.

Mambo yakienda kombo

Wakili hajibu. Piga ofisini uombe msimamizi wake, sio yeye. Isiposaidia andika malalamiko rasmi, tumia neno "complaint" kwenye kichwa cha barua ili waingize kwenye utaratibu wao. Wana wiki 8. Wakishindwa au jibu lao halikuridhishi, nenda Legal Ombudsman, bure, ndani ya miezi 6 tangu jibu lao la mwisho. Kubadilisha wakili katikati inawezekana, ila unalipa kazi iliyofanyika na unapoteza wiki kadhaa, kwa hiyo pima umebakiza nini.

Wiki 6 hakuna mtu aliyekuja kuangalia. Muulize ejenti tangazo limefunguliwa mara ngapi. Limefunguliwa sana lakini hakuna anayepiga, tatizo ni picha au bei. Halifunguliwi kabisa, limewekwa vibaya au bei iko nje ya viwango wanavyotafutia watu. Ukiamua kumwacha toa notisi kwa maandishi, na umwombe orodha ya wote aliowaleta, ili mmoja wao akija kununua kupitia ejenti wa pili ujue mapema nani ana haki ya komisheni. Bila orodha hiyo unaweza kudaiwa na wote wawili.

Muuzaji amechukua ofa kubwa zaidi ya mtu mwingine. Inauma, lakini kabla ya kubadilishana mikataba anaruhusiwa. Kama nyumba unaitaka sana, mwambie wakili aombe makubaliano ya kufungiwa kwa muda, muuzaji asiongee na mwingine kwa wiki kadhaa. Yana gharama yake na sio kila muuzaji atakubali.

Benki imekadiria chini ya bei uliyokubali. Tuma makadirio hayo kwa ejenti, omba bei ishuke. Akikataa, broka ajaribu benki nyingine, wakadiriaji hawafanani. Kuziba pengo kwa pesa yako iwe ya mwisho, na kama pesa hiyo itatoka kwa ndugu, ile barua ya zawadi inaanza upya na wakili lazima aijulishe benki.

Ejenti amekutoza kitu ambacho hakikuwa kwenye mkataba. Lalamika kwake kwa maandishi, mpe wiki 8, halafu mpeleke kwenye mfumo wake wa malalamiko bila kuchelewa (The Property Ombudsman wanatoa miezi 12 tangu jibu lake la mwisho). Ambatanisha mkataba, bili, na imeili zote kwa mpangilio wa tarehe. Kama mlikubaliana kwenye simu tu, tafuta ujumbe wowote wa siku hiyo unaogusia hilo jambo, hata wa WhatsApp, na uuambatanishe pia.